Kilo 11 nilizopungua, na kilichoondoka pamoja nazo

Wiki niliyosifiwa kuliko zote ndiyo wiki niliyoshindwa kumbeba mtoto wa kaka yangu kupanda ngazi.

Nilikuwa nimepungua kilo 11 kwa miezi mitano. Kila niliyekutana naye aliniambia nimependeza, nimerudi usichana, nimpe siri. Nguo zilizokaa kabatini miaka sita zilianza kunienea. Nami nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimejinyima kweli kweli: nilikula kidogo, nilitembea kila jioni, na kila asubuhi nilipanda mizani kabla hata ya kunywa maji. Namba ilikuwa inashuka, nikaiamini.

Basi mtoto, ana miaka mitatu, akanyoosha mikono chini ya ngazi kama alivyozoea. "Shangazi, nibebe." Nikambeba. Ghorofa ya kwanza tulifika vizuri. Katikati ya ngazi za pili mapaja yakaanza kutetemeka, mkono wa kushoto ukalegea, nikamshusha nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Ngazi zile zile nilikuwa nampandisha hadi ghorofa ya tatu bila kusimama, wakati mimi mwenyewe nina kilo 82. Yeye alikuwa ameongezeka labda kilo moja tangu wakati ule, na mimi nimepungua 11. Tukiwa wawili tulikuwa wepesi kuliko zamani, lakini miguu ilikataa.

Usiku ule niliingia kwenye droo kutafuta karatasi. Siku niliyojiunga na jimu, mwalimu wa mazoezi alinisimamisha kwenye mashine yenye sahani mbili za miguu na vishikio viwili vya mikono, ikatoa karatasi iliyojaa namba. Mimi niliangalia mstari mmoja tu, wa uzito, nikaikunja. Kesho yake asubuhi nilirudi nikapimwa tena kwenye mashine ile ile, nikaziweka karatasi mbili mezani, moja pembeni ya nyingine.

Ya kwanza: uzito kilo 82.4, mafuta asilimia 38. Yaani kilo 31.3 za mafuta, na kilo 51.1 za kila kitu kingine. Ya pili: uzito kilo 71.2, mafuta asilimia 34.6. Yaani kilo 24.6 za mafuta, na kilo 46.6 za kila kitu kingine. Nilitoa kwa kalamu, nikarudia kwa simu nikidhani nimekosea. Kati ya kilo 11.2 zilizoondoka, mafuta yalikuwa 6.7. Zilizobaki 4.5 hazikuwa mafuta.

Mwalimu aliziangalia kwa muda. "Dada," akasema, "mwili ukinyimwa chakula unatafuta pa kukata. Hukuupa sababu ya kuitunza misuli, nao umeitumia."

Nataka kuwa mkweli kuhusu hizo kilo 4.5, kwa sababu niliporudi nyumbani nililia nikidhani zote ni misuli. Si zote. Kipimo hiki hugawa mwili mafungu mawili: mafuta, na kisicho mafuta. Hilo fungu la pili ni misuli, ndiyo, lakini pia ni mifupa, ini, moyo, damu, na maji mengi sana. Karibu asilimia 73 ya sehemu isiyo mafuta ni maji. Misuli na ini huhifadhi wanga kwa namna inayoitwa glaikojeni, na kila gramu yake hukaa pamoja na gramu kama tatu za maji. Mtu akipunguza chakula, akiba hiyo hupungua na maji yake huondoka nayo. Ndiyo maana wiki ya kwanza ya kujinyima uzito huporomoka na kumfanya mtu aone dawa imekubali. Kwa hiyo sehemu ya kilo zangu 4.5 ilikuwa maji. Lakini mapaja yaliyotetemeka kwenye ngazi yalinieleza kwamba si maji peke yake.

Hapo ndipo nilipoanza kulisoma jambo hili kwa bidii ambayo sikuwahi kuwa nayo darasani. Na kitu cha kwanza kilichonishangaza ni umri na asili ya ile namba tunayopewa kila tunapokwenda kupimwa, BMI. Unachukua uzito kwa kilo, unagawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Chini ya 18.5 umepungua mno, hadi 24.9 uko sawa, kuanzia 25 umezidi, 30 na kuendelea ni unene uliokithiri. Aliyeitunga hesabu hiyo miaka ya 1830, Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, hakuwa daktari. Alikuwa mtaalamu wa hisabati na nyota, na alichokuwa akitafuta ni sura ya mtu wa wastani katika jamii nzima. Jina la BMI lilikuja baadaye sana, mwaka 1972, kwa Ancel Keys na wenzake huko Marekani, waliokuwa wakitafuta kipimo rahisi cha kutumia kwenye tafiti za watu wengi. Kwa kazi hiyo inafaa. Ukitaka kujua hali ya watu elfu kumi, inakupa picha ya haraka bila gharama. Kwa mtu mmoja aliyesimama mbele yako, haiwezi kukuambia kilo zake ni za nini.

Na hilo lilijulikana mapema. Mwaka 1942, Albert Behnke, daktari wa jeshi la majini la Marekani, alipima wachezaji wa kulipwa wa mpira wa Kimarekani. Kwa jedwali za uzito na urefu za wakati ule, wengi wao walihesabika wamezidi uzito kiasi cha kutofaa jeshini. Alipowapima wakiwa wamezamishwa ndani ya maji, aliwakuta wana mafuta machache. Uzito wao ulikuwa misuli.

Upimaji huo wa majini ndio uliokuwa kigezo kwa miaka mingi, na mantiki yake ni ya Archimedes. Mafuta ya mwili ni mepesi kuliko maji: sentimita moja ya ujazo ina gramu kama 0.9. Sehemu isiyo mafuta ni nzito zaidi, kama gramu 1.1. Kwa hiyo unapima mtu nchi kavu, kisha unamzamisha kwenye tangi, anatoa pumzi yote anayoweza kutoa, na unampima akiwa chini ya maji. Mwenye misuli mingi huzama, mwenye mafuta mengi huelea. Tofauti ya vipimo viwili inakupa msongamano wa mwili, na hapo hesabu inayotumika hadi leo, ya mtaalamu aitwaye William Siri, ya mwaka 1961, inaugeuza kuwa asilimia ya mafuta. Kuna mashine nyingine inayofanya hivyo kwa hewa badala ya maji. Unakaa ndani ya chumba kidogo kama yai dakika chache. Sijawahi kukaa humo.

DEXA nimepimwa mara moja. Unalala chali kwenye kitanda, mkono wa mashine unapita juu yako taratibu ukitoa eksirei za nguvu mbili tofauti. Mfupa, mafuta na tishu laini nyingine huzipunguza eksirei hizo kwa viwango tofauti, na kompyuta inatenganisha. Ilitengenezwa kwa ajili ya kupima uimara wa mifupa, na mionzi yake ni kidogo sana. Uzuri wake ni kwamba inakuonyesha sehemu kwa sehemu: mguu wa kulia, wa kushoto, mikono, kiwiliwili. Nilijiona kwenye karatasi kama ramani. Hata hiyo, ukinywa maji mengi kabla ya kulala pale, hayo maji itayahesabu upande wa misuli.

Lakini kipimo kilichonifundisha zaidi kilikuwa cha mkono. Mwalimu wangu ana kalipa, kifaa kama koleo chenye meno mawili bapa na kipimo cha milimita. Alinisimamisha wima, mikono imelegea. Akatafuta ncha ya bega langu la kulia, akatafuta ncha ya kiwiko, akapima kwa tepu na kuweka alama ya kalamu katikati, nyuma ya mkono. Kisha kwa kidole gumba na cha shahada akaubana mkunjo wa ngozi sentimita moja juu ya alama, akauvuta mbali na msuli, akautikisa kidogo kuhakikisha msuli haukushikwa, akaweka meno ya kalipa kwenye alama na kuachia mpini. Akahesabu moja, mbili, akasoma. Milimita 29. Akaachia, akaenda kwenye paja, akaenda juu ya nyonga, kisha akarudi mkononi kuanza upya. "Sirudii pale pale papo hapo," alisema, "ngozi iliyobanwa inahitaji muda irudi." Mara ya pili 28. Mara ya tatu 29. Alichukua robo saa kwa sehemu tatu, na hakuzungumza habari nyingine yoyote.

Nilielewa siku ile kwamba ubora wa kipimo hicho uko kwenye vidole vya mpimaji. Akibana mtu mwingine, au akibana sentimita mbili pembeni, namba inakuwa nyingine. Ukipata mtu mwenye mkono uliotulia, mshike huyo huyo. Na wala huna haja ya kuigeuza kuwa asilimia. Jumla ya milimita zenyewe, ikishuka mwezi hadi mwezi, inatosha.

Sasa nizungumzie mizani za umeme za nyumbani, kwa sababu ndizo wengi wetu tunazo na ndizo zinazoumiza watu moyo bila sababu. Hazipimi mafuta. Zinapitisha mkondo mdogo sana wa umeme, ambao huusikii, kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na kupima jinsi mwili unavyoupinga. Maji yenye chumvi ndani ya misuli hupitisha umeme vizuri, mafuta huupinga. Kutokana na upinzani huo, pamoja na urefu, umri na jinsia ulivyoingiza, mashine inakisia maji, kutoka kwenye maji inakisia sehemu isiyo mafuta, na kinachobaki inakiita mafuta. Ni makisio juu ya makisio. Tena mizani ya miguu pekee, mkondo wake hupita zaidi miguuni na nyonga. Tumbo, ambalo ndilo tunalolihangaikia, inalibuni.

Nilifanya jaribio Jumamosi moja. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya chochote: asilimia 34.9. Nikanywa chupa kubwa ya maji, nikapanda tena: 35.2. Maji yaliyokaa tumboni yaliongeza uzito, na mashine, kwa kuwa upinzani wa umeme haujabadilika, ikadhani nimenenepa papo hapo. Saa kumi na mbili jioni, baada ya kutwa nzima ya kusimama: 32.4. Ningeiamini, basi kati ya asubuhi na jioni nilikuwa nimechoma karibu kilo mbili za mafuta nikiwa nafua na kupiga pasi. Kilichotokea ni kwamba maji ya mwili yalikuwa yameshukia miguuni, mkondo ukapita kwa urahisi.

Kwa hiyo ninayo mizani, na ninaitumia, lakini kwa masharti. Asubuhi, nimetoka chooni, sijala wala kunywa, jana yake sikufanya mazoezi mazito, miguu mikavu, sakafu ngumu, mizani ile ile. Siku za hedhi siipandi, kwa sababu mwili hushika maji. Mara moja kwa wiki mbili, naandika, nafunga daftari. Nikitazama namba moja sijui kitu. Nikitazama namba nane zinaelekea wapi, najua. (Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani asipande kabisa mizani hizi, na mjamzito aziache hadi ajifungue.)

Halafu kuna tepu ya fundi cherehani, ambayo kama ningetakiwa kubaki na kitu kimoja tu ningebaki nayo.

Sababu ni kwamba mafuta hayafanani. Yaliyo chini ya ngozi, ya mapajani, ya makalioni, ya nyuma ya mkono, hayo ambayo kalipa huyabana, hukaa kwa utulivu kiasi. Yaliyo ndani ya tumbo, yaliyozunguka ini, utumbo na kongosho, yana tabia nyingine. Hayo humwaga asidi za mafuta na kemikali za uvimbe kwenye damu, na sehemu ya damu hiyo inaelekea moja kwa moja kwenye ini. Ini likilemewa, insulini hupoteza nguvu ya kazi yake, sukari hupanda, mafuta ya damu huharibika, na njia ya kisukari cha aina ya pili na magonjwa ya moyo hufunguka. Mtu anaweza kuwa na mikono na miguu myembamba, BMI ya 24, kila mtu akamwita mwembamba, na ndani ya tumbo akawa amebeba mzigo huo. Huyo kwenye mizani hutamkamata. Kwenye tepu utamkamata.

Jinsi ya kupima: simama wima, miguu imeachana kidogo, ondoa nguo tumboni. Kwa vidole tafuta ukingo wa chini wa ubavu wa mwisho pembeni, kisha tafuta kilele cha mfupa wa nyonga. Katikati ya hivyo viwili ndipo tepu inapopita, sambamba na sakafu mbele na nyuma. Mwanzoni mimi nilikuwa napima mahali mkanda wa suruali unapokaa, chini ya tumbo, na nilikuwa najipa sentimita saba za bure. Vuta pumzi, itoe kama kawaida, usivute tumbo ndani, tepu iguse ngozi bila kuikata. Soma. Pima mara mbili.

Mipaka inayotumiwa sana ni hii: hatari huanza kupanda mwanaume akifika sentimita 94 na mwanamke 80, na hupanda zaidi kwenye 102 na 88. Kwa baadhi ya watu, hasa wenye asili ya Asia, mipaka huwekwa chini zaidi. Kuna njia rahisi kuliko hizo, ambayo haihitaji kukumbuka jedwali lolote: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Mimi nina sentimita 163, kwa hiyo mpaka wangu ni 81.5. Nilipoanza nilikuwa 96. Nilipopungua zile kilo 11 nilifika 89. Hapo sina malalamiko, kujinyima kulinisaidia tumboni, na siwezi kumwambia mtu mwenye tumbo kubwa kwamba kupungua uzito hakuna maana. Ninachosema ni kwamba nililipa bei ambayo sikulazimika kulipa.

Na bei hiyo niliielewa vizuri zaidi kwa kumtazama mama.

Mama ana miaka 74. Kwa zaidi ya miaka kumi kadi yake ya kliniki inasema kilo 64, au 63, au 65. Kila akienda anaambiwa uzito wako mzuri, mama, endelea hivyo hivyo. Sote tulijivunia hilo. Lakini nikiwa na zile karatasi zangu mbili kichwani, Jumapili moja nilimwangalia anavyoinuka kutoka kwenye kochi. Alisogeza makalio hadi ukingoni. Akaweka viganja vyote viwili kwenye mikono ya kochi. Akainama mbele, akajaribu, akarudi. Akapumzika. Akajaribu tena, safari hii akijirusha kidogo, akasimama, akashika ukuta hadi kizunguzungu kipite. "Miguu imekuwa si yangu, mwanangu," alisema, kama anayesema habari za hali ya hewa.

Nilimpima kigimbi kwa tepu, mahali penye unene kuliko pote. Sentimita 30. Kwa wazee, chini ya 31 ni dalili kwamba misuli imekwisha kupungua. Kisha nikampima kiuno: 93. Mama yangu mwenye uzito mzuri alikuwa, mwaka baada ya mwaka, akipoteza msuli na kupata mafuta kwa kiasi kile kile, na mizani ikawa inasoma 64, 64, 64. Hakuna aliyedanganya. Tulikuwa tunauliza swali lisilohusika.

Jambo hili lina jina, sakopenia, lililobuniwa na Irwin Rosenberg mwaka 1989 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya upungufu wa nyama ya mwili. Tangu miaka ya thelathini hivi, asiyeitumikisha misuli yake hupoteza kama asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi huongezeka. Kwa wanawake, kukoma hedhi huongeza kasi na kuyahamisha mafuta kutoka mapajani kuja tumboni. Na msuli si pambo la vijana wa jimu. Ukishakula, msuli ndio unaopokea sehemu kubwa ya sukari iliyoingia kwenye damu. Ukipungua, sukari inakosa pa kwenda. Msuli ndio unaokudaka unapojikwaa. Ukilazwa hospitali, msuli ndio akiba ya protini ambayo mwili unachota kupambana na ugonjwa na kufunga vidonda. Mtu aliyeingia wodini bila akiba hutoka dhaifu, au hatoki. Nikimwona mzee anatembea wima na kubeba mzigo wake mwenyewe, siku hizi nasema moyoni, usione vyaelea, vimeundwa.

Nilichobadilisha mimi si kikubwa. Niliacha kujinyima kupita kiasi. Nilianza kunyanyua vyuma mara tatu kwa wiki, kuchuchumaa na uzito begani, kuvuta, kusukuma, kuinua kutoka sakafuni, nikiongeza kidogo kila nilipoona wiki hii imekuwa nyepesi. Nilianza kuhesabu protini, gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, nikiigawa kwenye milo yote badala ya kuirundika usiku. (Mwenye ugonjwa wa figo asifanye hivi bila daktari wake.) Nililala. Kutembea jioni sikuacha, maana napenda kutembea.

Baada ya miezi kumi nilirudi kwenye mashine ile ile, saa ile ile ya asubuhi. Uzito kilo 72.6. Mafuta asilimia 31. Kilo 22.5 za mafuta, kilo 50.1 za kisicho mafuta. Yaani nilikuwa nimeongezeka kilo 1.4 kwa jumla, nimepoteza mafuta kilo 2.1, na nimerudisha kilo 3.5 za upande wa pili. Kiuno kilikuwa 83. BMI yangu ilikuwa imepanda kutoka 26.8 hadi 27.3, na mtu anayesoma namba hiyo peke yake angenishauri nijitahidi zaidi. Hakuna aliyenisifia safari hii. Wachache waliniuliza kama nimeanza kunenepa tena. Mtoto wa kaka yangu, ambaye sasa ana miaka minne na uzito wa kutosha, nilimpandisha hadi ghorofa ya tatu, na begi lake.

Kuna upande mmoja ninaouogopa nikiandika haya, na nauandika kwa ajili ya wasichana. Kupima kunaweza kugeuka ugonjwa. Nimemwona binti jimuni akipima mafuta kila siku, akifurahia kila namba inaposhuka, na hedhi yake imekata miezi minne. Mwili wa mwanamke unahitaji kama asilimia 12 ya mafuta kwa uhai wake tu, wa mwanaume kama 3, na hiyo ni sakafu ya nyumba, si mahali pa kuishi. Mafuta ni ghala la nguvu, hutengeneza homoni, hulinda viungo. Hedhi ikikata kwa sababu ya kukonda au mazoezi kupita kiasi, mifupa nayo inaanza kuliwa, na mfupa uliopotea ukiwa na miaka 19 ni vigumu kuurudisha wote. Binti, kama ni wewe unasoma, ficha mizani hiyo na uende ukaonane na daktari wiki hii.

Mama hana habari na asilimia zozote, na sijamsumbua nazo. Kipimo chake ni kiti cha jikoni, kigumu, kisicho na mikono, kimeegemezwa ukutani. Anakaa, anakunja mikono kifuani, anasimama wima na kukaa mara tano, nami nashika saa. Madaktari wa wazee hutumia jaribio hilo hilo. Ukizidi sekunde 15 miguu ina kasoro. Mara ya kwanza, miezi tisa iliyopita, hakuweza hata mara moja bila kushika, na kwa kushika alichukua sekunde 24. Mazoezi yake ni hayo hayo ya kiti kila asubuhi, kuinuka kwa ncha za vidole vya miguu akishika sinki, na chupa mbili za maji za kunyanyua.

Jumapili iliyopita, mikono kifuani, mara tano: sekunde 16.4. Kigimbi 31 na nusu. Nikamwambia bado sekunde moja na kitu.

Akanitazama, akavuta pumzi, akakaa tena kwenye kiti.

"Shika saa," akasema.